Mkonge Upewe Kazi Unayoiweza

Nyuma ya kila kiwanda cha kusindika mkonge, kiwe Korogwe, Muheza au Kilosa, pana lundo la taka. Jani likipita kwenye mashine iitwayo korona hupondwa na kukwanguliwa huku maji yakisukuma nyama yake nje, na singa inayobaki ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani lililokatwa shambani. Asilimia 96 huondoka kama ujiuji wa kijani unaooza na kunuka, ambao ukiachwa huishia mtoni. Ndani ya ujiuji huo zimo nyuzi fupi zilizoponyoka mashineni, na kwenye chumba cha brashi nyuzi nyingine hukatika singa zinapochanwa ili zing'ae kabla ya kufungwa marobota. Kule Hale, mkoani Tanga, taka hizi zimeshajaribiwa kuzalisha gesi na umeme, na hilo ni jema. Lakini zile nyuzi fupi, ambazo gesi haizihitaji sana na soko la kamba halizitaki, zina mahali pake kwenye ujenzi. Nasema hivyo nikijua kwamba jambo hili lilikwisha kujaribiwa katika nchi zetu, likasifiwa mno, kisha likasahaulika. Ninavyoona mimi, nyuzi hazikuwa na kosa. Zilipewa kazi isiyo yake, na ziliposhindwa tukazitupa pamoja na ile kazi ambayo zingeiweza.

Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida, na asili yake ni Meksiko. Katika muda wa miaka 70 ukaifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mwaka 1964 zilivunwa takriban tani 230,000 za singa. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakabadilishwa wamiliki na usimamizi, na ilipofika karibu mwaka 2000 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi kiasi cha tani 20,000. Katika mteremko huo ndipo watu walipoanza kuuliza mkonge ungefaa kwa nini kingine. Swali lilikuwa la haki. Jibu lililotolewa kwa haraka lilikuwa kwamba ungeweza kushika nafasi ya asbesto, na hata ya chuma.

Ili kuona kwa nini jibu hilo lilivutia, ni lazima kwanza tukumbuke udhaifu wa saruji ulipo. Zege lililokomaa vizuri hubeba mzigo mkubwa sana linapokandamizwa, lakini likivutwa au kupindwa hupasuka kwa nguvu isiyozidi sana sehemu moja ya kumi ya hiyo. Ndiyo maana mhandisi huweka nondo upande wa chini wa boriti, mahali panapovutwa. Tabaka jembamba, kama kigae cha paa au lipu ya ukutani, halina nafasi ya nondo, na hapo ndipo nyuzi zinapoingia. Wazee wetu walilijua jambo hili kwenye udongo: anayekandika nyumba ya miti huchanganya nyasi zilizokatwakatwa ili ukuta usipasuke unapokauka. Mwaka 1900 Ludwig Hatschek, Muustria, alilifanya hilo kwa saruji na asbesto, na kwa miaka mingi shule, hospitali na nyumba za watumishi Afrika Mashariki ziliezekwa kwa mabamba ya aina hiyo. Asbesto ilishika saruji vizuri na haikuoza. Ila vumbi lake huingia mapafuni na kuleta saratani, na mwaka 2006 Kenya iliiweka katika orodha ya taka hatari.

Katika miaka ya 1970 na 1980, mashirika ya maendeleo na taasisi za utafiti wa majengo zilikuwa zikitafuta paa la bei nafuu ambalo mwanakijiji angeweza kulitengeneza mwenyewe. Mkonge ulionekana kuwa jawabu. Walianza na mabamba makubwa ya saruji na singa zilizokatwa vipande vifupi, yenye urefu wa kama mita moja, yaliyokunjwa mawimbi kama bati. Baadaye wakaja na vigae vidogo vya sentimita 50 kwa 25, vyenye unene wa milimita 6 hadi 10. Udongo wa saruji ulitandazwa juu ya karatasi ya plastiki kwenye meza inayotetemeshwa, kisha ukavutwa na kulazwa juu ya umbo lililopinda hadi ugande. Teknolojia hiyo ilienea Kenya, Malawi, Ghana, India, Amerika ya Kati na kwingineko, na vyama vya ushirika na vikundi vya vijana vilinunua mashine kwa matumaini makubwa. Mabamba makubwa ndiyo yaliyoaibisha kwanza: miaka michache tu ikipita, mengi yalipasuka, mvua ikaingia ndani. Vigae vilidumu kuliko mabamba, lakini mafundi na wahandisi walipovichunguza waligundua jambo la kushangaza. Vigae vilivyotengenezwa vizuri bila nyuzi yoyote, kwa mchanga uliochekechwa na kumwagiliwa maji ipasavyo, vilidumu sawasawa na vile vyenye nyuzi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 nyuzi zikaanza kuachwa, na vigae vya saruji na mchanga mtupu vikachukua nafasi yake.

Sababu ilikuwa imeshaelezwa tayari. Mwaka 1983 Hans-Erik Gram, mtafiti wa taasisi ya saruji na zege ya Sweden, alichapisha mjini Stockholm matokeo ya uchunguzi wake juu ya uhai wa nyuzi za mimea ndani ya zege, na mkonge ulikuwa mstari wa mbele katika uchunguzi huo. Singa moja tunayoiona kwa macho, ndefu kupita mita moja, si uzi mmoja. Ni mkusanyiko wa chembe nyembamba, kila moja ikiwa na urefu wa milimita chache tu, zilizogandishwa pamoja na gundi ya asili iitwayo lignini na hemiselulosi. Saruji ikichanganywa na maji huzaa chokaa, na maji yaliyojificha kwenye vitundu vyake huwa na ualkali mkali, pH ikizidi 12.5. Ualkali huo huiyeyusha ile gundi polepole. Chembe zenyewe zinaweza kuwa nzima, lakini uzi umeachana. Ukiuvuta hauna tena urefu wa kushikilia chochote. Wakati huohuo chokaa hupenya kwenye uwazi wa katikati ya kila chembe na kuganda humo, uzi ukawa mkavu na wa kukatika. Juu ya hayo, kila mvua inaponyesha uzi huvimba, na kila jua linapowaka husinyaa, hadi unatengana na saruji inayouzunguka. Tabaka jembamba la paa katika nchi ya joto hupata mvua na jua hivyo tena na tena kila mwaka. Hapakuwa na mahali pabaya zaidi pa kuupeleka mkonge.

Mtu anaweza kusema basi shauri limekwisha: mmea ni mmea, utaoza, tuendelee na chuma na plastiki. Lakini ushahidi wa kinyume upo, tena wa kiwandani. Kampuni ya James Hardie ya Australia, iliyokuwa ikitengeneza mabamba ya asbesto, iliacha asbesto mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuweka mahali pake nyuzi za mti wa msonobari, aina ileile ya rojo inayotengenezewa karatasi. Mabamba ya namna hiyo yamefunika kuta za nyumba zisizo na idadi Australia, New Zealand na Marekani. Walifanikiwa kwa mambo mawili. Kwanza, lignini iliondolewa kwenye nyuzi kiwandani kabla hazijaingia kwenye saruji, hivyo ualkali haukukuta gundi ya kuyeyusha. Pili, mabamba yalipikwa kwa mvuke wenye shinikizo pamoja na unga wa silika, na ile silika ikaila chokaa. Nchini Brazil, ambayo leo ndiyo inayoongoza kwa mkonge duniani, watafiti walipita njia nyingine. Vahan Agopyan na wenzake wa São Paulo walitumia usumba wa nazi ndani ya saruji iliyotokana na masalio ya tanuri la chuma, yenye chokaa kidogo, wakatengeneza kuta za nyumba. Kuta hizo zilipochunguzwa baada ya miaka 12, nyuzi zilikutwa bado zipo ndani. Nyuzi za ukuta wa nje zilikuwa zimepoteza lignini nyingi kuliko zile za ukuta wa ndani, jambo ambalo lenyewe ni funzo kuhusu mahali pa kuziweka. Romildo Tolêdo Filho wa Rio de Janeiro na wenzake nao waliondoa nusu ya saruji na kuweka udongo wa mfinyanzi uliochomwa na kusagwa, na singa zao zikabaki na nguvu pale ambapo kwenye saruji ya kawaida zilikuwa zinakufa.

Kwa hiyo adui wa singa ni chokaa, na chokaa inaweza kupunguzwa. Nchi zetu zina vitu vya kuipunguza kuliko tunavyokubali. Majivu ya volkano, yaani pozolana, yapo Mbeya na kwenye Bonde la Ufa, na viwanda vya saruji vimekuwa vikiyasaga pamoja na klinka, yaani kiini cha saruji, kwa miaka mingi. Ile saruji ya bei ya chini inayouzwa Kenya kwa daraja la 32.5, ambayo fundi huilalamikia kwamba inachelewa kukomaa, katika aina zake nyingine ina pozolana kuanzia asilimia 36 hadi 55. Kwa nguzo ya ghorofa sitaipendekeza. Kwa nyuzi za mkonge ni makazi yenye afadhali. Kuna pia pumba za mpunga. Kilombero, Mbarali, Kahama, Mwea: popote penye mashine ya kukoboa pana lundo la pumba ambalo mara nyingi huchomwa tu ili lipungue. Takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba, na moja ya tano ya pumba ikichomwa hubaki kuwa majivu, ambayo karibu asilimia 90 yake ni silika. Zikichomwa kwa moto wa wastani usiovuka kama nyuzijoto 700, majivu hayo yakisagwa laini huila chokaa ya saruji vizuri. Zikichomwa kwa moto mkali kupita kiasi, silika hugeuka fuwele na haina kazi tena. Hapo inahitajika tanuri dogo, mtu wa kulichunga, na kinu cha kusagia.

Pamoja na hayo, liko jambo moja ambalo watetezi wengi wa nyuzi za mimea hawalisemi kwa sauti, nami naliona kuwa ndilo kiini cha shauri lote. Uleule ukali wa alkali unaoiua singa ndio unaoilinda nondo isishike kutu. Ukiupunguza ili kumnusuru mmea, unaanza kukivua chuma kinga yake. Hivyo singa na nondo hazipendi kukaa nyumba moja. Anayeahidi kwamba taka za mkonge zitapunguza nondo kwenye boriti, nguzo au slabu anacheza na roho za watu. Hata kwa kipimo cha nguvu tu haiwezekani: singa nzuri inaweza kuhimili mvuto wa mamia ya megapaskali, lakini ugumu wake dhidi ya kunyooka ni kama moja ya kumi ya chuma au pungufu, maana yake boriti itakuwa imekwisha kupasuka kabla singa haijaanza kubeba chochote. Nondo ibaki kazini kwake.

Kazi ya singa ni nyingine, na huanza saa chache tu baada ya fundi kukunja mkono. Lipu au sakafu inapomwagwa mchana wa jua na upepo, maji ya juu hukauka upesi kuliko saruji inavyopata nguvu. Uso husinyaa, na nyufa nyembamba zikatambaa kama utando kabla hata jua halijazama. Wengi wetu tumeziona kwenye kuta mpya na tukadhani ni mchanga mbaya, au fundi kaiba saruji. Mara nyingi ni upepo, na kutomwagilia. Hapo ndipo nyuzi fupi zinapofanya kazi ya kweli, kwa kuwa zinauvuka ufa ungali mchanga na kuuzuia usifunguke. Vipimo vya Tolêdo Filho na wenzake vilionyesha kwamba singa zenye urefu wa milimita 25, kwa kiasi cha asilimia 0.2 tu ya ujazo, zinapunguza kusinyaa huko. Piga hesabu: meta moja ya ujazo ya lipu inahitaji kilo 3 hivi za singa. Ukipiga lipu kwa unene wa milimita 15, meta hiyo moja hufunika ukuta wa zaidi ya meta za mraba 60. Kilo 3 za kitu kinachotupwa, kwa ukuta wa vyumba kadhaa! Na baada ya miezi au miaka singa ikidhoofika ndani ya saruji, hakuna hasara kubwa, kwa kuwa lipu imeshakomaa na kazi ya singa ilikuwa imekwisha. Hata wale waliotengeneza vigae wangesema vivyo hivyo: singa ilikuwa na manufaa ya kuushika udongo mbichi usikatike unapolazwa kwenye umbo. Walikosea walipodhani itaendelea kushika miaka 20 baadaye.

Hapa natarajia pingamizi la muuza vifaa vya ujenzi: zipo nyuzi za plastiki, ndani ya mifuko midogo, haziozi, hazivimbi, zinachanganyika vizuri. Ni kweli, na kwa mkandarasi wa sakafu kubwa ya ghala sina neno la kumpinga. Lakini kama kazi ni ya saa za mwanzo, kulipia uhai wa miaka mingi ni kulipia kisichotumika, tena kwa fedha inayotoka nje ya nchi, ilhali kijijini jirani na shamba la mkonge nyuzi zinaoza. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: taka si bure. Nyuzi fupi ni za kuokolewa kwenye ujiuji, kuoshwa, kuanikwa na kukatwa, na zote hizo ni gharama. Nakubali, na kwa sababu hiyo siamini kwamba zitafaa kusafirishwa kutoka Tanga hadi Mwanza. Zitafaa Tanga, Kilosa, Voi, mahali ambapo gari la kiwanda cha mkonge linapita jirani na kiwanda cha matofali. Huko pwani ambako mkonge haupo, upo usumba.

Usumba nao una sharti lake. Akina mama wa Paje na Jambiani, Unguja, hufukia makumbi ya nazi ufuoni kwa miezi mingi hadi yalainike, kisha huyafukua na kuyaponda kwa magongo kupata nyuzi za kusokota kamba. Nyuzi hizo ni nzuri, lakini zimelala kwenye maji ya bahari, na chumvi ya bahari ni sumu ya nondo. Zisipooshwa vizuri kwa maji baridi, zisiingie popote karibu na chuma. Mkonge hauna chumvi, lakini una utomvu wenye sukari, na sukari kidogo sana inatosha kuichelewesha saruji isishike. Kapi la miwa ni baya zaidi kwa hilo. Fundi akichukua taka mbichi kutoka kwenye lundo akazitia kwenye karai lake, kesho yake atakuta lipu bado laini na atailaani saruji. Nyuzi zioshwe hadi maji yatoke meupe. Zianikwe, zikatwe urefu wa kidole gumba au pungufu. Kabla ya kuchanganya ziloweshwe, kwa kuwa singa kavu hunywa maji kupita uzito wake na kuyaiba kwenye mchanganyiko. Zinyunyizwe kidogokidogo huku sepeto likigeuza, zisije zikafanya mabonge. Na kumwagilia kubaki palepale: nyuzi hazimwondolei fundi wajibu wa kuulowesha ukuta kwa wiki nzima.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni mambo madogo mno mbele ya tatizo kubwa, kwa maana saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu duniani, na kilo 3 za singa haziwezi kubadili hesabu hiyo. Singa peke yake haiwezi. Kinachobadilisha hesabu ni pozolana na majivu ya pumba yanayochukua nafasi ya sehemu ya saruji, na ni bahati kwamba kinachoifaa singa ndicho kinachopunguza klinka. Na lipu isiyopasuka hairudiwi. Ukuta unaopigwa lipu mara mbili umekula saruji mara mbili. Hayo yanatosha kunishawishi. Tulikwisha kuona miaka ya 1980 jinsi ahadi kubwa ilivyoua wazo lenye manufaa.

Kinachokosekana sasa ni kitu cha kawaida kabisa: kiwango kilichoandikwa. Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya yana uwezo wa kuweka kiwango kifupi cha nyuzi za mkonge na usumba kwa lipu, sakafu nyepesi na matofali yasiyobeba mzigo, kikitaja urefu, kiasi, namna ya kuosha, na marufuku ya kuziweka pamoja na nondo. Vyuo vya ufundi vya Tanga na Morogoro vina mafundi, vina wanafunzi, na mashamba yako jirani. Wapige lipu kuta mbili chini ya jua moja, moja yenye nyuzi na nyingine isiyo nazo, wahesabu nyufa mbele ya watu, na matokeo, yawe yoyote, yabandikwe hadharani ili fundi wa mtaani ajiamulie mwenyewe.